Maji Lazima Yapewe Njia

Bamvua linapokuwa kubwa, maji ya Dar es Salaam hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Wavuvi wa Msasani hawahitaji jedwali kulijua hilo, na mafundi wanaojenga ukingoni mwa bahari hawalihitaji pia. Saa hiyo mwamba wa tumbawe wa Coco Beach unabaki wazi, mweusi na wenye makali, vidimbwi vimenasa visamaki, na mtu anaweza kushuka hadi kwenye mguu wa ukuta wa kuzuia bahari akauona ulivyosimama. Saa kumi alasiri ya siku hiyohiyo, pale aliposimama pana kina cha kumzamisha. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwetu hapa huzidi mita 3. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu, na mguu wa ukuta hauonekani sawasawa. Kwa hiyo kazi ya chini kabisa, ile inayobeba kazi nyingine zote, ina siku chache kwa mwezi na saa chache kwa siku. Ukizikosa, unasubiri mwezi uandame au upevuke.

Naishi Kinondoni, na nimekuwa nikienda Coco tangu sijajua kuogelea. Ni mahali pa watu wote. Jumapili na sikukuu Barabara ya Toure hujaa watu waliotoka Mwananyamala, Tandale, Tandika na Mbagala. Watoto huvaa nguo za Idi na kuingia nazo majini, mihogo ya kukaanga hupasuliwa katikati ikatiwa chumvi na pilipili, na wazee huketi kwenye majabali wakitazama meli zinazosubiri kuingia bandarini. Tangu 2022 Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita 1 na ushee, linawaleta watu kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi mlangoni mwa ufukwe. Manispaa ya Kinondoni imekuwa ikiuboresha ufukwe huu, na taarifa za miradi ya namna hiyo huhesabu mabilioni na asilimia. Ni haki zihesabu, fedha ni za umma. Ila asilimia haikuonyeshi mkono wa mtu, na mimi kilichonivuta ni mkono.

Mkono wenyewe ni wa fundi wa makamo anayetoka Mbagala. Huondoka kwake kabla ya adhana ya alfajiri ili asikutane na foleni, na mimi nikifika na "Shikamoo, fundi" yangu, yeye ameshamaliza chai na amekwisha kukagua kazi ya jana. "Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo, usikanyage huo mchanga." Ndivyo tulivyofahamiana. Kazi yake ni kutandaza vitofali vya zege kwenye njia za waenda kwa miguu na kupanga mawe ya ukingo. Vijana wake wawili wa saidia fundi humwita mzee, na huyo mzee hajapata kuwapazia sauti mbele yangu. Akitaka kitu kirudiwe hukitazama tu kwa muda mrefu, mpaka kijana mwenyewe akione.

Siku nyingi za mwanzo hapakuwa na kitofali hata kimoja. Wapita njia waliuliza kazi itaanza lini, na kazi ilikuwa imefika nusu. Udongo wa juu ulikuwa umeondolewa, kifusi cha moramu kimeletwa, kimemwagwa kwa tabaka nyembamba, kimenyunyiziwa maji, kimeshindiliwa, kikafuata kingine juu yake. Maji yakizidi, udongo unakuwa uji na mashine inazama. Yakipungua, punje hazishikani na kesho zinatimka vumbi. Fundi huchota konzi moja, huiminya, kisha huiachia ianguke. Ikivunjika vipande viwili vitatu, anatikisa kichwa kukubali. Mashine ya kushindilia ikipita, yeye husikiliza. Mwanzoni mlio wake ni mzito, umemezwa na udongo laini, lakini tabaka linavyokaza mlio unakuwa mkavu na mashine inaanza kurukaruka mkononi mwa kijana. Nilijaribu kuusikia huo mgeuko kwa siku tatu kabla sijaupata. Siku nilipoupata nilifurahi kama mtu aliyesoma neno la kwanza katika lugha ya watu.

Halafu upimaji. Njia ya kutembelea ikilazwa bapa kabisa, mvua ya kwanza ya masika itaigeuza dimbwi, na ikiinamishwa mno, mama mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani ataiona shubiri. Kipimo ambacho mafundi wengi hukishika ni kama sentimita 2 kwa kila mita moja. Njia ya mita 4, kwa hiyo, upande mmoja huwa chini ya mwingine kwa sentimita 8, na jicho la mtembeaji halioni kitu. Kuupata mwinamo huo fundi anatumia mpira wa maji, bomba jembamba la plastiki linaloona ndani, limejazwa maji, ncha moja kwake na nyingine kwa kijana aliye mbali. Maji yakitulia, ncha zote mbili zina kimo kimoja hata kama kati yao kuna kichuguu, kibanda na umati wa watu. Kifaa hicho hakihitaji betri na hakikosei, ila kwa jambo moja, povu. Likibaki povu dogo ndani ya mpira, kipimo kinadanganya. Kwa hiyo kila asubuhi huunyoosha mpira juani, huuinua, huugonga kwa kidole toka ncha hii hadi ile, akiyafukuza mapovu. Huchukua dakika 10. Sijamwona akiruka hatua hiyo hata siku mkandarasi alipokuwa amesimama nyuma yake akitazama saa.

Baada ya hapo ndipo unakuja mchanga wa kulazia. Tabaka la sentimita 3 au 4, si zaidi, na lazima liwe na unene uleule kila mahali. Mabomba mawili ya chuma hulazwa sambamba, mchanga humwagwa kati yake, na ubao wa kusawazishia huburutwa juu ya mabomba hayo kama mtu anayepangusa meza. Hapa ndipo fundi mwanafunzi hujitia hasarani. Akikuta shimo kwenye moramu hulijaza mchanga, juu kunaonekana sawa, vitofali vinalala vizuri, picha inapigwa. Mchanga mnene utakaa taratibu, na baada ya mvua za mwaka mmoja shimo litarudi lilipokuwa, sasa likiwa na vitofali juu yake. Fundi wangu akikuta shimo hurudi kwenye moramu. Huita mashine, hushindilia upya, hupima upya. Nusu ya siku inakwenda kwa kitu ambacho hakuna mtu atakayekiona tena.

Mchanga wenyewe ni hadithi. Unapoletwa na lori, yeye huusugua kati ya viganja na kutazama doa linalobaki. Doa likiwa zito la hudhurungi, mchanga una udongo mwingi. Kisha huweka punje chache ulimini. Anatafuta chumvi. Vitofali havina nondo ndani, kwa hiyo vinaweza kustahimili, lakini mchanga huohuo ukienda kuchanganyia zege la ukuta wenye nondo, chumvi itakifikia chuma, chuma kitapata kutu, kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, na zege litapasuka kutoka ndani. Ndiyo maana mchanga wa ufukweni, ulio miguuni pake, hauchukui. Anaagiza wa mtoni au wa machimbo ya bara.

Na hapo moyo wangu huingia uzito. Mchanga wa mito ya Kinondoni, ya Tegeta na ya Mbezi, ndio ambao tangu zama za kale mito hiyo iliupeleka baharini, na bahari ikaupanga kuwa fukwe. Tumeuchimba kwa miaka mingi kujengea nyumba zetu, na watafiti wa pwani wamekuwa wakiutaja uchimbaji huo miongoni mwa sababu za ufukwe wa Kunduchi kuliwa na mawimbi, hadi wenye hoteli wakaweka vizuizi vya mawe vinavyoingia baharini ili kushika mchanga unaopita. Kila njia nzuri ya kutembelea ufukweni inaweza kuwa imebeba chini yake mchanga ambao ungekuwa ufukwe. Nilimweleza fundi. Alinyamaza, akachota konzi nyingine, akasema, "Basi usipotee bure." Tangu siku hiyo nimeona jinsi vijana wake wanavyofagia hata mchanga uliomwagika kando na kuurudisha kwenye toroli.

Vitofali sasa. Vimetengenezwa kwenye moja ya karakana za kandokando ya barabara ambazo mji huu unazo tele, zege kavukavu likitiwa kwenye kalibu, likitetemeshwa, likatolewa na kupangwa kivulini. Fundi hukubali shehena kwa kuvigonga viwili viwili. Kilichomwagiliwa maji ipasavyo kwa siku zake hulia kwa sauti kali, na kilichoachwa juani kikakauka kwa pupa hulia kama kibuyu. Zege hufikia nguvu yake inayohesabiwa baada ya siku 28, na katika siku za mwanzo linataka maji kama mche. Alivirudisha vitofali vya toroli tatu siku ile niliyokuwepo. Dereva wa lori alilalamika, fundi akampa kitofali kimoja na nyundo, akamwambia apige mwenyewe.

Kuvilaza ni kusuka. Sijui neno bora kuliko hilo. Anaanzia kwenye kona moja iliyonyooka, uzi umevutwa, na vitofali vinakwenda kwa mshazari, kimoja kikiegemea ubavu wa mwenzake, kama ukili unavyosukwa. Bibi yangu alisuka ukili kwa ukindu, na nakumbuka alivyokuwa akisema kwamba mkeka hauna unyasi ulio peke yake. Vitofali vilivyopangwa kwa safu zilizonyooka kama vyumba vya gereji husukumwa mbele na gurudumu, safu nzima ikateleza. Vilivyolazwa kwa mshazari vinashikana, uzito wa mkokoteni wa madafu ukiangukia kimoja unagawiwa kwa jirani zake. Kati ya kimoja na kingine anaacha nafasi ya milimita 2 au 3. Hugonga mara mbili kwa nyundo ya mpira, ya kwanza kukikalisha, ya pili kukisogeza. Mara chache huongeza ya tatu. Kutwa nzima, mara mbili, mara mbili, na bahari ikiitikia upande wa pili.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini nafasi hizo zisijazwe saruji, pakawa pagumu kabisa. Swali zuri, na hata mimi nilikuwa nalo.

"Ukijaza saruji, mvua itapita wapi?" fundi alimuuliza.

"Itateremka juu kwa juu, mzee."

"Na ile itakayoingia kwenye ufa?"

Kijana alinyamaza. Saruji kwenye viungo itapasuka tu, maana ardhi hupumua, jua la Dar hukipasha kitofali na usiku hukipoza. Ufa mmoja ukipatikana, maji yanaingia chini na hayana pa kutokea. Mchanga mkavu unaofagiliwa kwenye nafasi hizo, kisha mashine ikapita, kisha ukafagiliwa tena, hushika vitofali kwa msuguano na huku unayaruhusu maji yapenye kidogo kidogo. Kitu kinachosogea na kukaa tena hudumu kuliko kilichogandishwa.

Hiyo ndiyo akili ya kazi yote ya ukingoni mwa bahari, na ukutani ndipo inapoonekana wazi zaidi. Nilikua nikidhani ukuta wa bahari huangushwa na wimbi linaloupiga usoni. Ndivyo wengi tunavyodhani. Wimbi lina sehemu yake, hasa linapofukua mchanga wa mguuni mpaka ukuta ukabaki unaning'inia. Adui mwingine yuko nyuma yake. Mvua na mawimbi yanayoruka juu huingiza maji kwenye kifusi kilicho nyuma ya ukuta, kisha maji ya bahari yanapwa mbele, haraka, mita 3 katika saa 6. Maji ya nyuma yanabaki juu, hayana wa kuyazuia mbele isipokuwa ukuta, nayo yanausukuma kuelekea baharini. Yakipata tundu, hutoka na mchanga. Mchanga ukitoka, chini ya njia panafanyika pango ambalo halionekani, watu wanapita juu yake na aiskrimu zao, mpaka siku moja panatitia.

Kwa hiyo ukuta mzuri unaachiwa matundu, na nyuma ya kila tundu panapangwa mawe makubwa kwa madogo, na kitambaa cha kuchujia kinachozuia mchanga na kuyapitisha maji. Katika miaka ya 2010 kuta za Barabara ya Barack Obama, ile tuliyoiita Ocean Road hadi 2013, na ule wa Kigamboni kwenye Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere zilijengwa chini ya mradi wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi wa Serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Ukipita pale maji yakiwa yamepwa, shuka utazame chini. Watu wengi wanapiga picha juu.

Wenzetu wa Unguja walilijua hili kwa njia ya chokaa. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayohayo. Chokaa ni laini, inavuta unyevu na kuutoa. Ilipokuja saruji watu wakazipaka kuta hizo kwa nia njema kabisa, na unyevu wenye chumvi ukafungiwa ndani, chumvi ikaganda na kulipua jiwe. Mafundi wa ukarabati imewabidi wabandue saruji kwa patasi, taratibu, kabla ya kuweka chochote kipya. Bustani ya Forodhani, ya miaka ya 1930, ilipokarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena Julai 2009, ukuta wake wa bahari ulikuwa sehemu kubwa ya kazi, na wauza mishikaki na urojo walirudishwa mahali pao kwa mpangilio. Kipimo changu cha ukuta ule ni vijana wanaoukimbilia kila jioni na kujirusha majini kwa mikambi ya kila namna. Ukingo unaokanyagwa na nyayo zenye mbio kiasi hicho, na bado uko.

Saruji nayo isionewe. Moja ya tunazotumia inatoka Wazo Hill, kiwanda kilichoanza kuzalisha mwaka 1966, na kilima cha Wazo ni tumbawe la kale lililoinuliwa kutoka baharini. Chokaa ya Unguja na saruji ya Wazo ni watoto wa mama mmoja.

Kwenye njia ya fundi wangu ulikuwepo mkungu. Mchoro uliruhusu ukatwe au uzungukwe. Lakini mti una thamani yake: huko Mombasa, bustani ya Mama Ngina iliyofunguliwa upya Oktoba 2019 isingekuwa kitu bila mibuyu yake, na kivuli cha mkungu wa Coco kina wateja wake wa miaka mingi. Waliuzunguka. Fundi alichomeka msumari karibu na shina, akafunga uzi wa urefu wa mita moja na robo, akachora duara kwenye mchanga. Kila kitofali kilichogusa duara hilo kiliwekwa alama kwa chaki, kikatolewa, kikakatwa kwa grainda, kikarudishwa. Vipande 40 na kitu, kila kimoja na umbo lake, hakuna kinachoingia mahali pa mwenzake. Vumbi lilimfanya mweupe kama mtu aliyetoka kwenye unga. Aliniambia mizizi itainua vitofali baada ya miaka kadhaa, na kwamba hilo si tatizo. Vitatolewa, mchanga utapunguzwa, vitarudishwa. Alipokuwa akisema hayo alikuwa anafikiria fundi mwingine, ambaye pengine bado yuko shule.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa dogo. Kabla ya kufunga sehemu iliyo mbele ya wauza mihogo, alimfuata mama mmoja mwenye karai lake la mafuta na kumuuliza, kwa adabu, "Samahani dada, maji ya kuoshea vyombo huwa unamwaga upande gani?" Mama akamwonyesha kwa mkono. Fundi akatoa safu mbili, akazishusha kidogo, akatengeneza mfereji mwembamba wenye kina cha nusu kidole uelekeao kwenye shimo la kokoto. Hakuna mchoro uliokuwa na mfereji huo. Kama ningekuwa na uwezo ningeweka mtu wa kuuliza swali hilo kwenye kila mradi wa umma mjini, Temeke hadi Bunju.

Siku sehemu hiyo ilipokamilika nilikuwepo. Mashine ilikuwa imepita mara ya mwisho, mchanga umefagiliwa, nyuzi zimekunjwa. Wakubwa wawili wa kazi walikuwa wamekwisha kuitazama na kusema ni safi. Fundi akamtuma kijana achote ndoo ya maji. Akaimwaga yote mahali pa juu, akachuchumaa. Maji yakatanuka, yakasita, yakaanza kushuka kwa mshazari kama alivyoyaagiza, yakaingia kwenye mfereji wa mama wa mihogo, yakapotea kwenye kokoto. Mimi nikataka kupiga makofi. Yeye alikuwa akitazama kitu kingine, doa la maji lenye ukubwa wa sahani lililobaki karibu na duara la mkungu, liking'aa.

Alilitazama kwa muda mrefu. Kijana mmoja akalitazama pia, kisha akaenda kuleta mtaimbo bila kuambiwa. Wakang'oa vitofali vitatu, fundi akaingiza kiganja chini na kupapasa, akaongeza konzi moja, akasawazisha kwa ukingo wa mkono. Maji ya bahari yalikuwa yanapanda, matundu ya ukuta yameshaanza kuzama moja baada ya jingine. "Lete ndoo nyingine," akasema.